Mioto Mitatu Nyuma ya Nyumba

Ningekataa siku ile, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Mkuu wetu, Bwana Owiti, aliniita ofisini asubuhi moja katika miaka ya tisini, akaniambia kuwa petroli ya mazoezi haipo, kwa hiyo wiki ya ziwani tuliyokuwa tukiifanya kila mwaka nitaifanyia nyumbani kwangu Nyamasaria, kwenye uwanja wa nyuma.

"Nafasi unayo, Mwalimu. Miti unayo, bomba la maji unalo. Si wewe husema mtu anaweza kujifunza kuishi porini bila kutoka getini?"

Nilikuwa nasema hivyo, tena kwa kujisifu. Nikajibu, "Sawa, Mkuu." Sikukaa hata kwenye kiti.

Mnaoanza kazi sasa mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya zamani. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na havikumsaidia mtu yeyote majini. Nitawaambia kazi yenyewe, halafu nitawaambia ya Nashon, maana najua ndiyo mnayoisikia ikinong'onwa jikoni nikipita.

Shirika letu lilikuwa dogo: boti mbili za zahanati, wauguzi wachache, masanduku ya chanjo. Boti zilitoka Kisumu zikazunguka fuo za ghuba ambako barabara ilikuwa mbaya au haikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kumfundisha kila anayepanda boti namna ya kubaki hai injini ikizima mbali na watu. Nilipoajiriwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu na sikujua lolote kuhusu jambo hilo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Barasa, mwanajeshi mstaafu kutoka upande wa Bungoma, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Siku yangu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alinipa njiti moja ya kibiriti na rundo la kuni zilizonyeshewa usiku kucha. Akasema chai ya ofisi nzima inaningoja. Njiti ilizima. Ofisi ilikunywa maji siku hiyo, na wauguzi wakaniita "Bwana Chai" mpaka Krismasi.

Kesho yake alinionyesha. Kuni iliyolowa unaivua ganda, kisha unaipasua katikati, maana moyo wa kuni hukauka hata mvua ikinyesha wiki nzima. Unauchonga vijinywele kwa kisu, unavilundika mahali pasipofikiwa na upepo, na njiti moja inatosha. Vibiriti tulivichovya kwenye nta ya mshumaa. Maji ya ziwa tuliyachuja kwa leso iliyokunjwa, tukayachemsha mpaka yaruke, na si mpaka yatoe mvuke tu kama wengi mnavyofanya. Kitanda cha matawi tulikiinua juu ya ardhi kwa sababu ya siafu. Hilo la siafu nililidharau mara moja tu.

Mambo hayo yote tuliyaanzia nyuma ya nyumba. Kwanza kwa Mzee Barasa, na alipostaafu akarudi kwao, kwangu. Nilikuwa na kiwanja kirefu chenye miti ya mipera, ua wa michongoma na nyasi. Nilikipenda kuliko nilivyopaswa. Wageni wa shirika waliletwa kukitazama. Nilijenga vibanda vya mafunjo, nikachimba shimo la kuchujia maji, nikatundika kamba za kufundishia mafundo. Kuku wangu walizoea moshi kiasi kwamba walilala kando ya moto kama paka.

Lakini Barasa aliacha sharti moja: baada ya uwanja, kila kundi liende ziwani wiki nzima, na boti za kweli. Alisema nyumbani kila kitu kinakusaidia na wewe hujui. Ukuta unazuia upepo. Ardhi haitikisiki. Ukikosea, unaingia ndani kula. Nililishika sharti hilo miaka mingi, ingawa sikupenda mbu wala kulala na nguo mbichi.

Nashon alikuja kwetu kama nahodha wa boti ya pili. Alikuwa mtu wa Asembo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Alimwona dada yangu Rosa siku alipoleta chakula kwenye mazoezi, na mwaka haukuisha kabla hajaleta ng'ombe wa mahari nyumbani kwetu. Basi nikawa namfundisha shemeji yangu, jambo gumu, maana shemeji husikiliza kwa sikio moja na lingine anatafutia kicheko.

"Shemeji," alikuwa akiniambia mbele ya wauguzi, "ukipotea porini wewe, hata fisi watakuja kukuuliza njia."

"Na ukipotea wewe," nilimjibu, "tutafuata kelele."

Kisha gugumaji likaja. Ninyi mmelikuta, hamjui ziwa lilivyokuwa kabla yake. Mwanzoni yalikuwa maua mazuri ya zambarau pwani, watoto wakiyachuma. Baada ya muda mfupi yakawa zulia linalotembea. Asubuhi unaondoka maji yakiwa wazi, mchana upepo wa ziwani unageuza zulia lote, na unajikuta umezungukwa na majani mabichi kila upande. Propela inasokotwa na mizizi, injini inazima. Ukishuka, zulia linakubeba hatua moja au mbili kisha linafunguka, na ukishaingia chini yake linajifunga juu ya kichwa chako. Halitembeki, haliogeleki.

Nililiogopa. Ndiyo maana mwaka ule nilikuwa nimeomba petroli zaidi ya kawaida. Nilitaka tuingie ndani ya gugumaji kwa makusudi, boti moja ikwame na nyingine isimame nje, tushinde humo mchana mzima tujue mtu anafanya nini. Ombi hilo ndilo Bwana Owiti alilonijibu kwa habari za miti yangu na bomba langu. Ningeweza kumwambia kwamba bila zoezi hilo sitamruhusu mtu kupanda boti. Nilikuwa na mamlaka hayo, aliniachia Barasa. Lakini nilijua pia kwamba nikikubali nitalala kitandani kwangu wiki nzima, na kwamba wageni watakuja tena kuuona uwanja. Hayo yalikuwemo kwenye ile "sawa" yangu.

Tuliburuta boti moja mbovu hadi nyuma ya nyumba, tukaiweka katikati ya nyasi. Tukakata gugumaji, tukalileta kwa mkokoteni, tukalitandaza kuizunguka boti. Lilionekana zuri sana. Wanafunzi wangu sita waliketi ndani ya boti kavu, nami nikasimama mbele yao na fimbo.

Somo kubwa lilikuwa kuita msaada. Moshi mmoja, niliwafundisha, ni wa mtu yeyote: anachoma takataka, anakausha samaki. Mioto mitatu iliyopangwa pembetatu haiwashwi na mtu bila sababu. Ukiona mioshi mitatu, ujue ni wetu, uende. Na mkiwasha, msiondoke kwenye boti, watu watakuja. Tukawasha. Mkaa, kisha majani mabichi juu yake ili moshi uwe mzito na mweupe. Kwa kuwa sikutaka boti iungue, mioto tuliiwasha nje, kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye boti, mmoja kila upande.

Nashon aliitazama mioto, akanitazama mimi.

"Shemeji, hapo uliposimama si ni majini?"

"Tufanye hivyo."

"Sasa wewe ni Petero ama nani, unatembea juu ya maji na mkaa mkononi?"

Kila mtu alicheka. Muuguzi Damaris, msichana mpole kutoka Vihiga aliyekuwa akiandamana na Nashon safari nyingi, alicheka mpaka akashika ukingo wa boti. Nami nikacheka. Wakati huohuo jirani yetu Mama Pamela akatokea juu ya ua, ndoo ya maji mkononi, kijana wake nyuma na ndoo nyingine.

"Mwalimu! Nyumba inaungua ama ni ule mchezo wenu?"

"Ni mchezo, Mama."

"Mchezo gani huu kila siku! Nguo zangu zinanuka kama samaki wa omena!"

Nikawageukia wanafunzi nikasema, "Mmeona? Msaada umefika kabla hata majani hayajaisha." Wakapiga makofi. Swali la Nashon likapotelea hapo. Nimelisikia tena mara nyingi tangu siku ile, lakini wakati huo lilikuwa mzaha wa shemeji.

Niongeze jambo la kioo. Kila sanduku la boti lilikuwa na kioo kidogo cha kumulikia jua, na Barasa alikifundisha ziwani, boti kwa boti; baada yake mimi nilikuwa nakitaja tu. Kwenye uwanja wangu hapakuwa na umbali wa kumulika. Nilijaribu mara moja, mwanga ukaingia jikoni kwa Mama Pamela, akaja kuniuliza nachungulia nini. Nikaliacha somo hilo.

Kiangazi kilichofuata, Nashon na Damaris waliondoka Kisumu asubuhi na chanjo. Walikuwa wapitie fuo kadhaa na jioni wafike Luanda Kotieno, ambako gari letu lingewangoja. Redio ya boti ilikuwa kwa fundi. Jioni hawakufika. Dereva alingoja mpaka giza, kisha akaomba polisi watupigie simu.

Alfajiri mimi na Bwana Owiti tukaondoka kwa Land Rover. Rosa alikuwa amesimama getini kwetu, kanga begani. Hakulia. Aliniambia, "Wewe ndiye ulimfundisha. Utamwona tu." Nikamwambia, "Nitamwona."

Kisian tuliacha barabara, tukapanda mlima kidogo mpaka ghuba ikaonekana. Upepo wa jana yake ulikuwa umesukuma gugumaji lote upande huu, kijani kitupu kutoka ukingoni hadi mbali. Na moshi ulikuwepo. Ni msimu ambao watu wa ukingoni huchoma mafunjo ili wapate udongo mweusi wa kupanda sukuma na nyanya, kwa hiyo kulikuwa na moshi hapa, moshi kule, kama kila mwaka. Mmoja ulikuwa mweupe zaidi, mbele kidogo ya mafunjo, au pengine ndani yake. Kutoka kule juu huwezi kujua mafunjo yanaishia wapi na gugumaji linaanzia wapi.

Bwana Owiti aliunyooshea kidole. "Mwalimu, ule?"

Niliutazama. Nakumbuka niliutazama vizuri, sikufanya haraka.

"Hapana," nikasema. "Ule ni mmoja. Wangekuwa wetu, tungeona mitatu."

"Una hakika?"

"Nimewafundisha mwenyewe, Mkuu."

Tukarudi garini. Tukashinda kutwa nzima upande wa Luanda Kotieno, tukiuliza wavuvi, tukitafuta boti ya kukodi, tukitazama maji yaliyokuwa wazi kabisa. Mvuvi mmoja aliniuliza kama tumeangalia kwenye gugumaji la Kisian. Nikamwambia tumeangalia.

Asubuhi iliyofuata wachoma mafunjo wa Kisian walisikia mwanamke akigonga sufuria. Waliingia na mitumbwi miwili, wakikata njia kwa mapanga, kazi iliyowachukua hadi mchana. Tulipofika, Damaris alikuwa ameketi kwenye nyasi, midomo imepasuka, blanketi la mtu begani. Alikuwa peke yake.

Bwana Owiti alimpa maji. Mimi nilimuuliza Nashon yuko wapi, ingawa nilikuwa nimeshaona mitumbwi ikirudi tena ndani, polepole, watu wakidunga zulia kwa fito ndefu.

Damaris alisimulia akitazama chini. Walikwama mchana wa siku ya kwanza. Asubuhi ya siku ya pili Nashon aliwasha mkaa kwenye karai la kupikia, akaweka majani ya gugumaji juu. Kisha akawasha wa pili kwenye sufuria, kwa sababu mwalimu alisema mitatu. Wa tatu akauwasha kwenye kifuniko cha sanduku, akakiweka mbele kabisa ya boti.

"Lakini boti ni fupi, Mwalimu," Damaris akasema. "Ilitoka ikashikana. Ikawa moshi moja. Alijaribu kuweka karai juu ya majani huko nje, ikazama. Mkaa ikapungua."

"Mlitumia kioo?"

Aliinua macho. "Ilikuwa kwa sanduku. Hukutuonyesha."

Walikaa kwenye boti kama nilivyowaambia, wakingoja watu. Waliona hata gari kwenye mlima wa Kisian, dogo, likimetameta. Nashon alisimama, akavua shati akalipunga, akapiga kelele kwa sauti yake ile. Akamwambia Damaris, "Ni shemeji yule. Ameona. Tulia sasa, ameona." Gari likageuka, likaondoka. Waliendelea kungoja. Jioni Damaris alianza kutapika na kutetemeka, maji ya kunywa yalikuwa yameisha, mkaa wa kuchemshia maji ya ziwa ulikuwa umeishia kwenye moshi. Nashon alivua mbao mbili za sakafu ya boti, akafunga jerikeni tupu kifuani, akasema atatambaa mpaka kwenye mafunjo kabla jua halijazama, si mbali. Alilala kifudifudi juu ya mbao, akisukuma moja mbele, akivuta nyingine. Damaris alimwona akienda vizuri kwa muda. Kisha akaona jerikeni tu.

Walimpata siku hiyohiyo alasiri. Sitaandika zaidi ya hapo.

Watu waliniambia maneno mema. Bwana Owiti alisema ni yeye aliyenyima petroli, na ni kweli, na alihama kazi baadaye bila kuagana na mtu. Lakini yeye aliuliza. Pale mlimani alinyoosha kidole na akauliza mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na jibu langu lilitoka kwenye nyasi za nyuma ya nyumba yangu. Siku moja tu ndani ya gugumaji ingetuonyesha kwamba moto hauwashwi juu ya maji, na kwamba mioto mitatu ndani ya boti moja ni moshi mmoja. Kila mtu angeyaona hayo. Hakuhitajika mtu mwenye akili nyingi, ilihitajika boti iliyokwama kweli.

Baada ya hapo niliendelea na kazi hadi kustaafu. Mnajua masharti niliyoacha: hakuna anayepanda boti bila wiki ya ziwani, kitambaa chekundu kwenye ufito mrefu kiende pamoja na moshi, kioo kifundishwe kwanza kabla ya moto, na anayetafuta aende kwenye kila moshi, hata kama ni wa mtu anayechoma takataka. Mtapoteza mchana mwingi kwa moshi wa watu wanaokausha samaki. Upotezeni. Jizoezeni nyumbani pia, sisemi msijizoeze. Washeni moto kwenye mvua, fungeni mafundo gizani, chujeni maji ya bomba kama ni ya ziwa. Ila mkimaliza jiulizeni ni kitu gani hapo kilichowasaidia ambacho hakitakuwepo, na mtu akiuliza swali la kuchekesha, mjibuni kabla hamjacheka.

Kwenye mazishi Asembo, Rosa alinijia mbele ya watu. Hakupaza sauti.

"Wanasema mlipita Kisian."

"Tulipita."

"Moshi uliuona?"

Ningeweza kusema kulikuwa na moshi mwingi. Nilisema, "Niliuona."

"Na ukasema nini?"

"Nilisema si wao."

Akarudi akaketi na wajane wenzake. Tangu siku hiyo hajaingia nyumbani kwangu wala kula chakula kilichopikwa kwangu. Mama yetu alipofariki, tulimzika mimi na Rosa tukiwa pande mbili za kaburi, na chakula cha wageni wa Rosa kilipikwa mbali na changu. Watoto wake watatu walikua bila mjomba. Mkubwa ameoa, nilisikia kwa watu. Nimetuma wazee, nimemtuma mchungaji, nimekwenda mwenyewe nikasimama getini kwake mpaka nikachoka. Huwa anamtuma mtu aniambie kwamba hana ubaya nami, ila hawezi.

Kwa hiyo ile "sawa" niliyoisema nikiwa nimesimama ofisini ilimuua Nashon, akiwa na hakika kwamba nimemwona. Ilinichukulia pia dada yangu, mtoto pekee mwingine wa mama yangu, ambaye yuko hai, anaishi mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa, na ambaye sitakula naye tena.